N (IDADI YA VIPIMO) IMEZIDI 30, KAA CHINI!!! (wenye roho nyepesi wapite kando)

Nimetoka mkutanoni sasa hivi, viatu sijavua, simu iko asilimia sita. Simtaji mtu. Watu wa Amu (Lamu) mnamjua: kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, kalamu tatu mfukoni, na hajawahi kufungua mdomo bila kusema "kitakwimu". Huyo huyo.

Ameniambia KAA CHINI. Mbele ya wazee, mbele ya kina mama wa chama, mbele ya mzee ambaye nataka kumposa bintiye na ndiyo kwanza ameanza kuitikia salamu zangu.

Kisa ni kukadiria mashua zilizopewa vibao vipya, namba kuanzia 1 kwenda juu bila kuruka. Vijana walishinda gatini wakaandika namba 40 walizoziona. Kubwa kabisa ilikuwa 412. Bwana mkubwa akaifanya hiyo 412 kuwa kikadirio chake. Sawa, ndicho kikadirio cha uwezekano mkubwa zaidi, yaani jumla inayoipa data tuliyoiona nafasi kubwa kuliko zote, hata mie ningeanzia hapo. Kisha akachora kengele, ule mchoro wa mtawanyo wa normali, kwenye karatasi ya ukutani, kalamu imekauka nusu, mkia wa kushoto unakwaruza tu, akatangaza kwa sauti ya khutba: kwa uhakika wa asilimia 95, mashua ni kati ya 392 na 432.

392!!! Jamani, MASHUA 412 IMEFUNGWA HAPO NJE. Inaonekana dirishani. Kuna paka amelala juu ya tanga. Namba zimeanza 1 bila kuruka, hizo mashua zitakuwaje 392?

Nikanyoosha mkono kwa adabu, shikamoo mbele. Nikasema mwalimu, kengele ina masharti yake. Wastani wa sampuli huielekea kama varianzi (kipimo cha kutawanyika) ina kikomo, hilo tunalo tangu wanahisabati de Moivre 1733 na Laplace 1810, sibishi. Vikadirio vya uwezekano mkubwa alivyotuletea mwanatakwimu Fisher navyo huielekea, ila mpaka wa data usitegemee kile kile unachokitafuta. Hapa unachokitafuta NDIYO mpaka! Namba kubwa uliyoiona haiwezi kuupita ukweli, hukosea upande mmoja tu, wa chini. Ukiongeza sampuli pengo halipungui kwa kasi ya kipeuo cha pili cha n, linapungua kwa kasi ya n yenyewe, na umbo lake ni la eksponenti: upande mmoja ukuta, upande wa pili mteremko. Kengele haiji, hata uhesabu mpaka Kiunga kule mpakani mwa Somalia.

Akaniangalia. Akachovya hamri kwenye chai. Akatafuna. AKAMEZA. "Kijana, n imezidi 30. Kaa chini."

Thelathini! Hiyo thelathini ni kanuni ya mkato ya madarasani kuhusu wastani, yeye anaitembeza kama hirizi. Na watu wakampigia makofi!! Paka alikuwa ananitazama.

---

PwezaMkavu: Ngoja kwanza. Ulikaa au hukukaa?

MwenyeUzi: Kiti kilikuwa kimeshachukuliwa. Nikakaa mkekani na watoto.

PwezaMkavu: Hahahaha posa imekataliwa kitakwimu

DadaWaShela: Kusema kweli angeweza kuipata kengele yake. Achukue wastani wa namba zote 40, azidishe mara mbili, atoe 1. Hicho huielekea kengele bila ugomvi. Ila kosa lake sanifu, yaani kiasi kinachoyumba kwa kawaida, hapo ni kama 38, la namba kubwa ni kama 10. Yaani kengele anayo, usahihi hana.

MwenyeUzi: Dada, mimi nimeambiwa KAA CHINI. Kwa mdomo wenye hamri.

KahawaTungu: Hesabu hii Waingereza na Wamarekani waliifanya vita vya pili kwa namba za vifaru vya Wajerumani. 412, ongeza 412 iliyogawanywa kwa 40, toa 1, unapata kama 421. Na ukitaka ile asilimia 95, anza 412 uishie kama 444. Chini ya 412 hushuki. Dakika moja, bila kengele na bila chai.

MalindiKwetu: Wewe umekalishwa tu unalia. Mimi msimamizi wangu amerudisha tasnifu kwa sababu nina wavuvi 28. "Ongeza wawili iwe normali." Nimemweka shemeji, ni fundi cherehani, na babu yake ambaye bahari anaiogopa. Sasa ni normali.

KahawaTungu: 🤣 fundi cherehani!!

NahodhaMstaafu: Nyie watoto mwacheza. Kwetu mtu hushinda siku nyingi na changu wawili, siku moja akaja na jodari wa kumzidi yeye mwenyewe. Wastani wote ukaenda na yule jodari, ripoti ikasema wavuvi wana hali nzuri.

DadaWaShela: Hata 30 hapo haisaidii, babu. Mkia ukiwa mzito, yaani namba kubwa kupita kiasi zikijitokeza mara kwa mara, kengele huchelewa sana. Na kwa mtawanyo wa Cauchy, wenye mkia mzito mno, haifiki kabisa, wastani wa namba elfu kumi hutapatapa sawa na namba moja.

NahodhaMstaafu: Huyo Cauchy simjui, lakini jodari nilimuona.

PundaWaLangoni: Hiyo 412 naiyua mie, ya ami yangu. Paka si wake. Na alokopa injini mwezi wa Ramadhani airudishe, aniyua.

PwezaMkavu: Injini ilikuwa mbovu kabla ya kuchukuliwa, usianze.

PundaWaLangoni: Mbovu? Yavusha watu Mokowe, ng'ambo bara, usiku na mchana!

MalindiKwetu: Tukifika Mokowe wakati wa magharibi nauli inapanda ghafla, hiyo ndiyo takwimu ya kufungulia uzi.

DadaWaShela: Na koti la kuokolea unapewa la mtoto.

MwenyeUzi: Jamani. KAA CHINI. Mnasikia?

MalindiKwetu: Tumesikia. Kuna mtu yuko Mokowe sasa? Boti ya mwisho imeshatoka?

PundaWaLangoni: Bado, nisubiri, ila uwe na chenji.