Nimeulizwa vitabu nivipendavyo, niseme ukweli au nipambe?

NyotaYaUyole

Wakuu, habari za muda huu. Poleni na baridi wote wa Nyanda za Juu, huku Uyole asubuhi hata kalamu haishikiki.

Riwaya yangu ya kwanza iko kiwandani. Inamhusu mke wa dereva wa lori lililokwama kwenye foleni ya mpakani Tunduma, na mzigo ambao haumo kwenye karatasi za mzigo. Sasa mchapishaji kanitumia maswali, majibu yatasambazwa kabla kitabu hakijatoka: mwandishi umpendaye, kitabu kilichokugusa, unaandika wapi na saa ngapi, chakula, mahali unapopapenda. Kijana wao wa masoko akanipigia kabisa: "Dada, weka majina mazito, watu wakuheshimu."

Hali halisi ni hii. Mimi nimelelewa na riwaya za upelelezi za Elvis Musiba. Mzee wangu alikuwa na *Kikosi cha Kisasi* kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na panya, kwa hiyo nilimjua mpelelezi wake, Willy Gamba, akiwa tayari yuko kazini. Baadaye nikahamia kwa mpelelezi mwingine, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hadithi za mfululizo magazetini usiseme, karanga zilikuwa zinafungiwa humo na mimi nafuatilia sehemu ya pili kwa muuza karanga. Shaaban Robert nilimsoma kwa sababu ya mtihani. *Nagona* ya Kezilahabi ni nyembamba kama daftari la shule, lakini kila nikianza inanitoa nje.

Kuhusu kuandika, mimi ni wakala wa pesa pale Kabwe. Meza ya mwandishi sina. Daftari langu mbele ni miamala, nikiligeuza nyuma ni riwaya. Mteja akija nageuza. Mwishowe vikakutana katikati: ukurasa mmoja juu una hesabu ya floti, chini mke wa dereva anauliza, "Mbona lori limerudi bila wewe?"

Nijibu hivi hivi, au nipambe kidogo? Wenye kejeli wapite kushoto.

Kamwene_Kihesa

Pamba dada. Ukisema Musiba, wasomi watakuweka kapu la vitabu vya stendi na hutoki humo. Mtaje Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kachukua Nobel ya fasihi mwaka 2021, nani atabisha?

MwalimuMstaafu

Binti yangu, usimsikilize huyo. Ukimtaja Gurnah, swali la pili litakuwa umesoma kipi, la tatu mhusika gani amekugusa, na hapo uko redioni, moja kwa moja.

Nimefundisha fasihi miaka mingi, Mbeya kisha Njombe. Musiba hana aibu yoyote, aibu ni kumtaja halafu ukanyamaza. Sema ulichojifunza kwake. Angalia anavyokata sura: mtu anashika kitasa cha mlango, basi, sura imeisha, na wewe taa huzimi. Hiyo sentensi yako ya lori kurudi bila mtu umeitoa wapi kama si huko? Hilo ndilo jibu, liandike.

Na hiyo dharau ya wasomi isikutishe. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi huyo huyo ilitoka mwaka 1971 ikazuiwa isisomwe shuleni, baadaye ikaingia darasani na mimi nikaifundisha. Kuhusu *Nagona*, hata sisi tuliokuwa tunaifafanua ubaoni tulikuwa tunaombea kengele igonge. Andika kwamba inakushinda. Msomaji akiona umekubali hilo, ataamini na mengine.

Kamwene_Kihesa

Mwalimu, lakini tuzo wanatoa hao hao wasomi.

MwalimuMstaafu

Wanasoma muswada, hawasomi kwamba mwandishi anapenda chai ya tangawizi.

TajiriWaViazi

Mimi nangoja hapo kwenye chakula. Ukiandika piza na wewe ni wa Uyole, uzi huu naufukua.

NyotaYaUyole

@TajiriWaViazi wali wa Kyela na samaki mbasa. Hapo sihitaji ushauri.

DadaWaMafinga

Mdogo wangu, hongera kwanza. Mimi naandika pia, hadithi fupi, usiku watoto wakilala.

Kwenye daftari usifiche kitu. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha, mshahara wa serikali ndio uliomlisha. Kuandikia kazini ni desturi ya zamani kwetu, wenye chumba cha kuandikia ni wachache.

Ila angalia jambo moja ambalo wenzangu wamelipita. Huyo kijana wa masoko akisikia habari ya daftari, lazima ataomba picha. Daftari hilo lina majina na namba za wateja wako. Mtu alitoa hela kimyakimya mkewe asijue, kesho anaiona mtandaoni pembeni ya riwaya! Nakili ukurasa mmoja wa hadithi kwenye daftari jipya, kwa mkono wako, upige picha huo. Na kurasa zote za riwaya zipige picha uzitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, mvua za Mbeya unazijua.

Ukitaka kumjua Gurnah kwa nia njema, tafuta *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kijana Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara kufidia deni la baba yake. Wewe unayeshinda na madeni ya watu utaielewa haraka kuliko hao wenye majina mazito.

NyotaYaUyole

Asanteni sana. Mwalimu, shikamoo. Hilo la namba za wateja limenitoa jasho na baridi hii yote.

Nimejibu hivi: mwandishi, Elvis Musiba, kanifundisha pa kukata sura. Kinachonishinda, *Nagona*. Ninachotafuta kusoma, *Peponi*. Naandikia kibandani, kati ya mteja na mteja. Mahali, pale Igawilo malori ya ndizi za Tukuyu yanapopita usiku. Kijana wa masoko kajibu "sawa" tu, bila alama yoyote, sijui kanuna.

Kamwene_Kihesa

Anune tu. Iringa kitafika? Na ni shingapi?

NyotaYaUyole

Bei bado hawajanipa. Kikitoka nakutumia kwa basi, nauli ya mzigo juu yako.