Diski ya terabaiti 4 kwenye kompyuta mpya: nichague MBR au GPT? Naomba ushauri kabla ya Jumamosi

MpigaHarusi
Wakuu, heshima kwenu. Nimenunua kompyuta mpya ya mezani yenye Windows 11, na ndani yake nimefunga diski ya terabaiti 4 ambayo nataka iwe ghala la kazi zangu za video. Nikifungua sehemu ya kusimamia diski, naona kwamba imepangwa kwa mtindo wa MBR (jedwali linaloonyesha diski imegawanywaje), ina patisheni moja, yaani sehemu moja iliyotengwa, ya gigabaiti 465 na kidogo, na nafasi yote iliyobaki inaonekana haijagawiwa. Shemeji yangu, ambaye anaelewa mambo haya kuliko mimi, ameniambia kwamba MBR ni ya kizamani na haiwezi kuona diski kubwa, kwa hiyo nihamie GPT, mtindo mpya zaidi wa jedwali hilo. Tatizo ni kwamba amri ya kubadilisha imefifia na haibonyezeki mpaka kwanza nifute hiyo patisheni iliyopo. Je, nifute nihamie GPT, au nibaki na MBR? Naomba majibu ya haraka, kwa sababu Jumamosi nina kazi ya kukabidhi.

Mzee wa DOS
Shemeji yako amesema kweli, ingawa hakuimaliza. MBR ilikuja mwaka 1983 pamoja na mfumo endeshi wa DOS 2.0, wakati ambapo diski ya megabaiti 10 ilikuwa mali ya kufungiwa ofisini. Jedwali lake lote ni baiti 64 ndani ya sekta ya kwanza (sekta ni kipande kidogo ambacho diski huhesabiwa kwacho), lina nafasi za patisheni 4 tu, na hesabu ya sekta huandikwa kwa biti 32, kwa hiyo kwenye sekta za baiti 512 safari inaishia terabaiti 2.2 hivi. Enzi zetu, ukitaka patisheni ya tano, ulilazimika kuigeuza moja kati ya nne kuwa mfuko wa kubebea nyingine ndani yake, na hizo za ndani zilifungwa kwa mnyororo, kila moja ikielekeza iliyo mbele yake. Siku moja kiungo kimoja kilikatika kwenye mashine ya mhasibu wetu, zikapotea patisheni za herufi F, G na H kwa pamoja, na mimi nikalala ofisini siku mbili. GPT haina mambo hayo: Windows hukupa patisheni 128, na nakala ya pili ya jedwali hukaa mwishoni kabisa mwa diski. Futa, hamia GPT, ulale usingizi.

Kijiwe cha Kahawa
Mzee, kila uzi wa diski lazima yule mhasibu afufuliwe. Tunaomba siku moja naye aje atoe upande wake.

Fundi Mnyonge
Angalieni msimpotoshe mwenzenu. GPT inahitaji ubao mama wenye UEFI, ile programu ya kisasa ya kuwashia mashine, na kama kompyuta yake ni ya BIOS, ile ya zamani, diski hiyo haitafunguka kabisa.

Sekta Sifuri
Fundi, sharti hilo linahusu diski ambayo Windows inawakia, si diski ya kuhifadhia mafaili. Diski ya data yenye GPT inasomeka hata kwenye mashine ya BIOS, mradi mfumo endeshi wenyewe unaielewa GPT; na kwa kuwa mleta uzi ana Windows 11, UEFI anayo tayari, maana Windows 11 inaidai.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Mkuu MpigaHarusi, diski ikitoka dukani kwa ajili ya kufungwa ndani, huwa tupu kabisa na Windows yenyewe ndiyo inayokuuliza unataka MBR au GPT. Yako ina patisheni tayari, na unaogopa kuifuta. Mtu haogopi kufuta kitu kitupu. Ndani ya hiyo patisheni mna nini, na diski ilikuwa wapi kabla ya kufika hapo?

MpigaHarusi
Sikusema kwamba diski ni mpya, nilisema kompyuta ndiyo mpya. Lakini hilo si swali langu, mimi nimeuliza kuhusu mtindo wa kupanga diski.

Nakala Tatu
Mficha uchi hazai, mkuu. Sema.

MpigaHarusi
Sawa, naeleza. Diski hii ilikuwa ndani ya kasha la nje la USB, na nilikuwa naitumia kwenye kompyuta ya zamani ya studio, hapa Morogoro, ambayo hadi leo ina Windows XP. Ile XP nimeibakiza kwa sababu ndiyo yenye kadi ya FireWire ya kuingizia video kutoka tepu za kamera za miniDV, na kadi yenyewe haina mahali pa kukaa kwenye mashine mpya. Mdomo wa USB wa lile kasha ukalegea, ukawa unakata katikati ya kazi, nikafungua kasha, nikatoa diski na kuichomeka moja kwa moja ndani ya kompyuta mpya. Tangu hapo, kila nikiwasha, naambiwa diski inatakiwa kufomatiwa kwanza kabla ya kutumika. Ndani yake mna harusi na send-off za miaka kadhaa, pamoja na harusi ya mteja wa Jumamosi.

Kabla hamjaanza kunisema, tepu zenyewe nimesharekodia kazi nyingine juu yake, kama kila mpiga video alivyokuwa akifanya, kwa kuwa tepu ni ghali. Nimeshapakua na kulipia programu inayoahidi kubadilisha MBR kuwa GPT bila kupoteza kitu, na shemeji anasema nisipoteze muda. Kwa hiyo uamuzi ni kama nimeshaufanya; nilitaka tu kuhakikisha.

Nakala Tatu
Kwa hiyo kazi za watu, ambazo hazirudiwi kwa sababu hakuna anayeolewa tena na mume yuleyule ili kamera irekodi upya, zimekaa mahali pamoja tu, na wewe unatafuta kitufe cha kufuta. Mimi nina diski tatu, moja nyumbani, moja kazini na moja kwa mama mkwe, na hata mama mkwe hajui anatunza nini.

Kijiwe cha Kahawa
Wapo wanaorudia. Ila hapo kamera hubadilishwa pamoja na mume.

Kalamu Nyekundu
Mimi naona tunanyweshwa chai hapa, tena ya rangi. Naomba nieleze kwa utaratibu. Kwanza, Windows XP ya kawaida, yaani ya biti 32, haisomi GPT, kwa hiyo lazima diski ilikuwa MBR. Pili, Mzee wa DOS ametuambia, na ni kweli, kwamba MBR inakoma kwenye terabaiti 2.2. Sasa mleta uzi atuambie: kwenye XP, hiyo diski ilikuwa inaonyesha ukubwa gani?

MpigaHarusi
Ilikuwa inaonyesha yote, terabaiti 3.63, patisheni moja. Nimeijaza zaidi ya terabaiti 2 na nusu.

Kalamu Nyekundu
Nilijua. Terabaiti 3.63 ndani ya MBR, ndani ya XP, kisha ghafla zimekuwa gigabaiti 465 kwa kuhamishwa waya tu. Mtunzi ametunga vizuri mpaka alipofika kwenye hesabu. Wakuu, uzi huu ufungwe, na mwenye diski hii ya miujiza atuletee picha.

Mzee wa DOS
Hata mimi hapo nimekwama. Katika miaka yangu yote sijaona XP ikivuka hapo.

Hesabu za Jioni
Kabla hamjafunga, naomba mtu achukue kikokotoo. Diski ya terabaiti 4 Windows huionyesha kama gigabaiti 3,726. Gawanya kwa nane. Unapata 465.75. Mtu anayetunga hadithi hatungi namba kama hiyo kwa bahati. Namba hiyo inatoka kwenye diski yenyewe.

Yalikuwepo makasha ya nje yaliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya watu wa XP. Diski ya ndani ilihesabu sekta za baiti 512, lakini saketi ya kasha ilisimama katikati kama mkalimani na kuiambia kompyuta kwamba kila sekta ni ya baiti 4096. MBR inahesabu sekta, haihesabu baiti, hivyo sekta ikikua mara nane, kikomo nacho kinasogea mara nane, na diski nzima inaenea kwenye patisheni moja. Ulipoitoa diski ndani ya kasha, ulimwacha mkalimani nyuma. Jedwali ni lilelile, idadi ya sekta ni ileile, ila kompyuta mpya inaisoma kwa kipimo kidogo: patisheni inaonekana moja ya nane ya ukubwa wake, na inaanza mahali ambapo mafaili hayapo. Ndiyo maana unaambiwa ufomati. Video zako hazijaguswa.

Sekta Sifuri
Hapo ndipo swali la MBR au GPT linapokuwa si swali tena kwa leo. Mkuu, ukifuta patisheni hiyo, ukikubali kufomati, au ukiiwasha programu uliyolipia, utakuwa unaandika juu ya diski kwa kufuata ramani yenye vipimo visivyo vyake. Programu ya kubadilisha itazichukua hizo namba zenye kosa na kuzinakili kwa uaminifu kwenye jedwali jipya la GPT, kisha itakupongeza. Ushauri ni mmoja: rudisha diski kwenye kasha lake, chomeka kasha kwenye kompyuta mpya, nakili kila kitu kwenye diski nyingine, na baada ya hapo ndipo uitoe, uifute na kuipanga GPT.

MpigaHarusi
Kasha nilimpa fundi wa simu jirani na studio. Nimempigia sasa hivi. Anasema ule mdomo wa USB ameshautumia kwingine na saketi ameitupa.

Kijiwe cha Kahawa
Mkalimani amezikwa.

Kalamu Nyekundu
Naondoa neno la chai. Nilikuwa sijui habari za sekta za 4096, na nakiri kwamba nilijifunza MBR kwenye diski za gigabaiti 80.

Hesabu za Jioni
Usinunue kasha lolote la dukani ukidhani litafanya kazi, kwa sababu mengi hayabadilishi ukubwa wa sekta. Tengeneza flashi ya kuwashia mfumo endeshi wa Linux, washa kompyuta kwa hiyo flashi bila kusakinisha kitu, kisha tumia amri ya losetup juu ya diski nzima, ukiiambia mambo matatu: isome tu bila kuandika, ihesabu sekta za baiti 4096, na itafute patisheni. Hapo Linux ndiyo itakayokuwa mkalimani badala ya lile kasha. Usiguse chochote kabla hujawa na diski ya kupokelea yenye nafasi ya kutosha.

MpigaHarusi
Na ile XP je? Nikihamia GPT, studio nitaingizaje tepu? Ndiyo sababu hasa nilikuwa nasitasita kuiacha MBR, wala si kwamba nilikuwa naficha kitu.

Sekta Sifuri
Saa moja ya miniDV ni kama gigabaiti 13. Chukua diski ndogo ya gigabaiti 500 yenye MBR, iwe ya kubebea tu kati ya XP na kompyuta mpya; inachukua zaidi ya saa 35 za tepu. Ghala likae kwenye GPT, na XP isilione kabisa.

MpigaHarusi
Wakuu, ni Alhamisi usiku. Nimeazima diski mbili, moja ya shemeji, ambaye sasa anasema hakuwahi kunishauri nifute. Nilipoandika ile amri, patisheni ilijitokeza ikiwa nzima, terabaiti 3.63, na majina ya folda zote yapo, hata zile nilizoandika vibaya majina ya maharusi. Harusi ya Jumamosi ndiyo nimeinakili kwanza na nimeicheza mwanzo hadi mwisho. Nyingine zinaendelea kunakiliwa, naambiwa zimebaki saa tisa. Kompyuta nimeibandika karatasi kwamba asiiguse mtu.

Nakala Tatu
Diski mbili ulizoazima zote ni za kurudishwa. Ya tatu unanunua lini?