Naomba ushauri: skripti ya kuwasha OpenVPN ndani ya kontena la Docker

Wakuu, habari za leo. Nina seva ya OpenVPN (programu ya VPN, yaani njia ya siri ya kupitishia intaneti) ndani ya kontena la Docker (boksi la kuendeshea programu ikiwa imetengwa), poti 1194 ya UDP. Kontena linatumia mtandao wa mashine yenyewe (--network host), nimelipatia ruhusa ya NET_ADMIN (kubadili mipangilio ya mtandao) na kifaa cha /dev/net/tun ambacho VPN inapitia. Skripti ya bash inaongeza kanuni ya MASQUERADE (simu zitoke intaneti kwa anwani ya mashine) kwenye iptables, kichujio cha mtandao cha Linux, kwa anwani za VPN 10.8.0.0/24, kisha inaita openvpn. Simu zinaunganishwa, intaneti inapita. Hapo sina neno.

Shida ni kuzima. Nikipiga docker stop, inasubiri sekunde 10 halafu kontena linauawa kwa nguvu, na ile kanuni inabaki kwenye mashine. Nikiwasha tena inaongezeka nyingine. Uchafu mtupu.

Nimeweka trap (amri ambayo bash huiendesha ikipokea ishara ya kuzima) ya kufuta kanuni, lakini bash haiigusi mpaka openvpn imalizike. Nikatumia exec, ili openvpn ichukue nafasi ya bash: sasa inazima papo hapo, ila trap nayo imeondoka, maana bash yenyewe haipo tena. Shuka fupi hili, nikifunika kichwa miguu iko nje.

Je, niiache openvpn ikimbie nyuma kwa & kisha niweke wait (bash ikae ikiisubiri), au kanuni nizihamishie kwenye systemd (kinachowasha na kuzima huduma) ya mashine? Na kuangalia kwanza kwa iptables -C kabla ya kuongeza kunatosha kuzuia marudio?