Mzazi wa siku tisa anatakiwa aonekaneje? Wa Kigoma na Tabora, tupeane uzoefu

Mama Wawili wa Mwanga

Za leo wapendwa. Niko Mwanga, Kigoma mjini. Mtoto wangu wa pili leo katimiza wiki tano. Amelala, na mimi kwa mara ya kwanza nimeshika simu kwa mikono miwili, kwa hiyo niseme kabla hajaamka.

Siku ya tisa tangu nijifungue walikuja wageni kwa awamu mbili. Asubuhi walikuja shangazi zake mume wangu kutoka Buhigwe, wawili, na jogoo na galoni la mawese. Yule mkubwa hata mkeka hakuukalia. Alinishika mkono hapa juu ya kiwiko, akauzungushia vidole kama mtu anayechagua mbuzi mnadani, halafu akamgeukia mama mkwe: "Wifi, mbona mzazi wenu amekauka hivi? Mnampa uji kweli?" Mama mkwe wangu, mtu aliyekuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kila siku kunichemshia maji, hakujibu. Aliingia jikoni.

Jioni wakaja wenzangu wa kazini. Mmoja, kabla hata hajanawa mikono ampakate mtoto, akanitazama tumboni: "He! Bado lipo? Una hakika hawakusahau mwingine humo?" Wakacheka, nami nikacheka nao. Walipoaga niliwasindikiza hadi mlangoni nimelibana tumbo ndani, na nyuzi za chini bado mbichi.

Yaani asubuhi nimekonda, jioni nimenenepa, na mwili ni uleule. Hata dera sikubadilisha.

Nimelitafakari sana usiku ninaponyonyesha. Naona hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Shangazi alikuwa anakagua mfuko wa mtoto wa kaka yake na mikono ya wifi yake: mzazi akinenepa wamefaulu, akikonda wameumbuka. Wenzangu nao walikuwa wananipima kwa wale wa kwenye simu, wiki mbili baada ya kujifungua wako ndani ya jinzi na kifungo kimefungwa. Mimi nimekuwa daftari, kila mtu anasoma alama zake.

Leteni ya kwenu. Nani alikuambia nini, ukafanyaje? Wanaume karibuni, ila mje na yaliyowakuta, siyo ushauri.

Binti Ujiji

Hongera kwa kichanga, mama. Mimi nilizaliwa Ujiji na nikazalia Ujiji, mikononi mwa bibi yangu. Kwake kulikuwa na ratiba: alfajiri kukandwa, saa nne uji wa pilipili manga, mchana supu ya mgebuka, jioni kukandwa tena. Baada ya kukandwa ananifunga tumbo kwa kanga mbili, moja kaikunja mara nne, goti lake kaliweka kiunoni kwangu ili apate nguvu ya kuvuta. "Usipofungwa sasa utabaki na tumbo la pweza." (Pweza wa wapi Ziwa Tanganyika, bibi? Lakini hakuna aliyethubutu kuuliza.)

Siku ya saba nikasema naenda kliniki. Vita. Mzazi hatoki kabla ya arobaini, watu wana macho. Mama akaingilia, nikaenda nimejifunika ushungi mpaka puani. Nesi alipofungua zile kanga akakuta mistari myekundu mbavuni. Hakumtukana bibi. Aliniambia ukifunga kwa kulegeza, mgongo unapata faraja, haina ubaya. Lakini kizazi kinanywea chenyewe, kinachukua kama wiki sita kurudi kilipokuwa, na mtoto akinyonya ndiyo kinavutika zaidi. Ukilibana sana tumbo kwa juu unasukuma vitu chini, na huko chini umetoka kuchanika juzi. Akaongeza kuhusu maji: yawe ya uvuguvugu. Nikamwonyesha mapaja yangu, akaguna.

Nilirudi nikamwambia bibi nesi amesema nifungwe kwa kanga moja, tena kwa kulegeza. Akajibu, "Nesi huyo kazaa wangapi?" Tukakubaliana kanga moja na nusu, msiniulize nusu inafungwaje.

Ila niseme ukweli wangu. Zile siku arobaini ndizo siku pekee maishani mwangu nilizopikiwa bila mtu kuniuliza zamu ya nani. Na hakuna aliyeniona. Kitumbo changu kilikuwa mali ya bibi na mimi tu.

Dera la Bluu

Dera moja, miezi minne. Sina la kuongeza.

Mama Kulwa na Doto

Mwangaluka! Tabora hapa, Isevya. Mimi ni mwalimu, na kama jina linavyosema, walikuja wawili.

Sheria ya kazi inampa mwenye mtoto mmoja likizo ya siku 84, mwenye mapacha siku 100. Kwa hiyo Doto alinipatia siku kumi na sita. Niliporudi shule tumbo lilikuwa bado limetangulia, maana misuli ya katikati iliachana, ukilala chali ukiinua kichwa unaona kitu kinanyanyuka kama mgongo wa samaki. Siku ya kwanza tu kidato cha pili wakaanza kunong'ona. Ijumaa mwenzangu wa ofisini akanifuata kwa upole kabisa: "Madamu, hii nyingine ya lini?"

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa sendofu ya wifi yangu. Kamati ilichagua sare wakati mimi niko hospitali: kitenge, mshono wa kubana mpaka magotini. Watoto walikuwa na miezi mitatu. Nikaenda kwa fundi, akanipima, akapima tena, akanyamaza na futi yake shingoni. Mwishowe akauliza kwa adabu, "Niache nafasi ya kupanua, au mama utapungua?" Nikamwambia, "Acha." Akauliza, "Niache kiasi gani?" Nikamwambia, "Fundi, acha."

Siku yenyewe wifi akaniona, akasema mbele ya watu nimemharibia picha. Nilikaa meza ya nyuma na pacha mmoja kila titi, na kile kitenge kimefunguliwa zipu mgongoni, nimejitanda kanga juu. Mpaka leo ile picha ya ukoo iko sebuleni kwa baba mkwe. Mimi simo.

Mvuvi Mstaafu Kibirizi

Nitasema la kwangu, msinipige. Nauza dagaa Kibirizi. Mke wangu alipojifungua wa kwanza, mwezi wa pili nilikwenda soko la Mwanga nikamnunulia mkanda wa kubana tumbo. Kwa akili yangu ilikuwa zawadi. Nilitumia hela ya dagaa wa siku nzima. Akaupokea, akashukuru, akauvaa. Hakuweza kukaa akanyonyesha, ananyonyesha amesimama kama anasubiri treni.

Siku ya tatu akauvua, akaja nao pale nilipokaa nakula ugali wa muhogo, akanizungushia mimi. Haukufika. Akasema, "Baba, nikuongezee sentimita ngapi?" Na mimi sijawahi kuzaa.

Msomaji wa Magazeti

Dada zangu msikasirike, lakini mbona wenzetu Uingereza wanaweza? Kate, mke wa Prince William, tarehe 23 Aprili 2018 kajifungua Louis saa tano asubuhi, jioni ileile kasimama nje ya hospitali London, gauni jekundu, viatu virefu, anapunga mkono. Hakuna cha arobaini.

Mama Wawili wa Mwanga

Kaka, hiyo naikumbuka, saa saba tu baada ya kujifungua. Lakini rudi nyuma mpaka 2013, alipomzaa George. Kesho yake alitoka na gauni la bluu la madoadoa meupe, na tumbo lake linaonekana wazi, la duara. Watu walilizungumza lile tumbo kana kwamba ni habari mpya duniani, kumbe ndivyo lilivyo: ukishajifungua unabaki kama mwenye mimba ya miezi mitano au sita. Mke wa mrithi wa ufalme tumbo lake lilijadiliwa, itakuwa mimi wa Mwanga?

Na hivyo viatu virefu mpe mkeo ajaribu, halafu uje na uzoefu.

Wa Kasulu

Nimesoma zote nikasita kuandika. Yangu haichekeshi sana.

Mimi ndiye niliyesifiwa. Mtoto wa kwanza, siku ya sita, nilikuwa nimejaa mashavu, mikono minene, shingo haionekani. Kila aliyeingia pale nyumbani alipiga kigelegele. "Huyu ndiye mzazi! Mmemtunza!" Mama yangu alikuwa anatembea kifua mbele, wageni anawapokea mlangoni ili awahi kusikia sifa. Mimi kichwa kinaniuma tangu jana yake, lakini nilidhani ni usingizi. Nikitazama ukuta naona vimulimuli. Pete haitoki kidoleni.

Jirani yetu ni nesi, alikuja ametoka zamu, hajala. Hakusema nimenawiri. Alikaa kitandani, akashika mguu wangu, akabonyeza ugoko kwa kidole gumba, akaondoa kidole. Shimo likabaki pale pale, halirudi. Akauliza, "Kichwa kinauma? Macho je?" Nilivyojibu akamwambia mama, tafuta usafiri sasa hivi, siyo kesho.

Presha ilikuwa juu sana. Ndipo tulipojua kwamba kifafa cha mimba hakiishi siku unayojifungua, kinaweza kukupata hata wiki zile za baadaye, mtoto ukiwa naye mkononi. Nililazwa, nikapewa dawa. Maji yalipotoka mwilini nikabaki mwembamba kama nilivyozaliwa, na niliporudi nyumbani majirani wakamlaumu mama: ulimpeleka ananawiri, umemrudisha kijiti.

Mama hakuwaeleza kitu. Mpaka leo akienda kumwona mzazi, anaanza na miguu.

Bibi wa Gungu

Mjukuu ananiandikia haya. Mimi nina miaka sabini na kitu, nimezaa tisa, sita wako hai. Mnatucheka na vidole vyetu vya kupima mikono, sawa, chekeni. Lakini enzi zetu mzazi aliyekonda hatukumwogopea uzuri. Tuliogopa damu imemwishia. Tuliogopa maziwa hayatatoka, na maziwa ya kopo hayakuwepo, na kama yangekuwepo nani ana hela. Dada yangu alikonda hivyohivyo, midomo myeupe, viganja vyeupe, watu wakasema ni uchovu. Hakufika arobaini.

Kwa hiyo tukimwona mzazi, macho yanakwenda kwenye mwili yenyewe. Tukikuuliza "mbona umekauka?" tunauliza kama una damu. Labda tunauliza vibaya, mbele za watu. Lakini lile la tumbo kwisha haraka hilo sisi hatukuwa nalo, hilo mmelileta wenyewe na simu zenu. Sisi tumbo la mzazi tulikuwa tunalifunika kanga, yakaisha.

Binti Ujiji

Shikamoo bibi. Hapo kwenye kanga tuyaache kwanza, mbavu zangu bado zinakumbuka.

Mama Wawili wa Mwanga

Shikamoo bibi wa Gungu, na pole kwa dada yako. Wa Kasulu, nimebonyeza ugoko wangu mara tatu tangu nikusome, unarudi vizuri.

Mtoto ameamka, naandika kwa kidole kimoja. Nilimsomea mama mkwe maneno ya bibi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasonya. Nikamuuliza, siku ile shangazi aliposema nimekauka mbona hukumjibu? Akasema, "Nilikwenda jikoni kuhesabu maganda ya mayai nimwonyeshe. Nikakuta yameshatupwa."

Jumamosi ni arobaini, na shangazi wa Buhigwe ametuma ujumbe kuwa yuko njiani. Mama mkwe ameshanitolea nguo ya kuvaa, ameipiga pasi mwenyewe. Dera la mikono mirefu.