Mjadala: Kidato cha Pili kupelekwa soko la Majengo kujifunza hesabu, ni sahihi?

Mzazi wa Ihumwa
Wadau, mbukwa. Mwanangu yuko Kidato cha Pili hapa Dodoma mjini. Jumatano mwalimu wao wa hesabu aliwapeleka soko la Majengo vipindi viwili vizima, wakapima ndoo, wakauliza bei, wakaandika kwenye daftari. Amerudi ana furaha ambayo sijawahi kuiona kwenye somo hilo. Ila mtihani wa taifa uko mbele yao na mada hawajamaliza. Hii ni njia ya kufundisha au ni kupoteza muda? Naomba maoni ya dhati.

Kizota Juu
Kupoteza muda. Hesabu ni kukaa chini, kalamu na karatasi, maswali hamsini kwa siku. Sisi tulisoma hivyo tukafaulu. Sokoni wanajifunza nini kwa wauza mahindi ambao hata darasa la saba hawakumaliza?

Binti wa Kibaigwa
Hapo mwisho umenigusa pabaya. Mama yangu aliishia darasa la nne, na amenunua mahindi soko la Kibaigwa tangu sijazaliwa. Mtajie bei ya debe, nauli ya lori na ushuru, atakwambia gunia moja linamwachia shilingi ngapi kabla hujatoa simu mfukoni. Ada yangu ya chuo imetoka kwenye kichwa hicho. Omba radhi.

Kizota Juu
Dada, sijamtukana mama. Nasema ile ni mazoea, si hesabu. Mpe mlinganyo wenye x uone.

Fundi wa Chang'ombe
Mkuu, na mimi ni mazoea? Kona ya msingi naipata kwa kamba: futi tatu upande huu, nne upande ule, mshazari ukisoma tano kona imekaa sawa. Nimejengea watu nyumba hivyo miaka mingi bila kujua ina jina. Kijana wangu wa Kidato cha Tatu alinikuta saiti, akasimama kimya, halafu akasema, "Baba, hii ni Pythagoras." Akaniuliza kama sita, nane na kumi nazo zinakubali. Nikamwambia ndizo ninazotumia kwenye nyumba kubwa, kwa sababu kamba fupi ikikosea kidogo, ukuta mrefu unapinda sana. Usiku ule alikaa na daftari mpaka nikazima taa.

Mstaafu Mpwapwa
Tulipokuwa masomoni tulisomeshwa habari ya watoto wachuuzi wa Brazil, nadhani walikuwa mamia. Sokoni walipatia, wakipewa hesabu zilezile kwenye karatasi wanakosea.

Nipo UDOM
Mwalimu shikamoo. Walikuwa watoto watano tu, mji wa Recife, utafiti ulitoka 1985. Sokoni walipata asilimia 98, kwa karatasi tupu kama asilimia 37. Mmoja aliulizwa nazi kumi, kila moja 35. Hakuzidisha kwa kumi. Alijua tatu ni 105, akaongeza tatu tatu mpaka tisa, 315, akamalizia moja: 350.

Mstaafu Mpwapwa
Marahaba, ahsante kwa kunisahihisha. Lakini unaona? Kumi ukizidisha ni kuweka sifuri tu. Kwa hiyo darasa nalo lina kazi yake.

Mkulima Pandambili
Mnasifia wanunuzi wa Kibaigwa kwa hesabu? Hesabu yao ni lumbesa! Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na huku kwetu linashonewa kilemba. Debe nalo lazima liwe na nundu, ukilikata usawa wa mdomo wanakwambia hujajaza. Binti, mama yako alipimia debe la namna gani?

Binti wa Kibaigwa
Mzee wangu, mama yangu hajawahi kumwibia mtu! Nundu aliikuta sokoni. Na yeye akiuza Dar es Salaam anadaiwa nundu ileile.

Mkulima Pandambili
Aliikuta, akaipokea. Mimi ndiye niliyelima.

Binti wa Kibaigwa
Basi njoo uniambie imekula kiasi gani, tusiongee kwa hasira.

Mzazi wa Ihumwa
Jamani, hilo liko kwenye daftari la mwanangu. Walipima ndoo ya lita 20: mdomo upana sentimita 30, nundu kimo sentimita 7. Mwalimu aliwapa palepale kanuni ya umbo la pia, lile lenye duara chini na ncha juu: theluthi ya eneo la mdomo mara kimo. Wakapata lita 1.65. Gunia la ndoo sita ni karibu lita 10, yaani nusu ndoo. Magunia kumi, mkulima ametoa ndoo tano bila kulipwa.

Mkulima Pandambili
Ndoo tano. Miaka yote hii nilikuwa nasema "kidogo tu".

Kizota Juu
Hiyo namba imezidi. Mahindi hayasimami kama pia kamili, ncha inalala na pembeni yanamwagika. Na upana walipima ndani au nje ya ukingo? Ukingo wa plastiki unakula karibu sentimita nzima.

Mzazi wa Ihumwa
Nimemuuliza sasa hivi. Anasema ndani, mara tatu, wakachukua wastani.

Kizota Juu
Sawa, ila kimo bado sikiamini. Ingefaa kukwangua nundu kwa ubao ulionyooka, kilichodondoka kimiminwe kwenye chupa ya lita moja, zihesabiwe chupa. Hapo kanuni haihitajiki.

Fundi wa Chang'ombe
Halafu zilinganishwe zote mbili.

Binti wa Kibaigwa
Mzee wa Pandambili, ndoo unayo?

Mkulima Pandambili
Ninayo, na gunia moja limebaki. Jioni mjukuu akitoka shule tunakwangua.