Tupeane uzoefu: ulimtazamaje mtu aliyeshuka kwenye boti akiomba hifadhi?

Mchuuzi wa Kibirizi

Wakuu, habari za jioni. Humu kila siku tunabishana kuhusu boti zinazoingia Ulaya, nani apokelewe na nani arudishwe, utadhani jambo lenyewe tunalijua kwa runinga tu. Sisi wa ziwani na pwani tumelipokea mlangoni.

Nianze mimi. Mwaka 2015 nilikuwa nanunua dagaa vijiji vya kaskazini mwa Kigoma. Napanda boti Kibirizi, nashuka Kagunga. Anayeijua Kagunga ya wakati ule anajua: mbele ziwa, nyuma mlima, barabara hakuna, na Burundi iko hapo pembeni. Mwishoni mwa Aprili Rais wao Nkurunziza alipopitishwa kugombea muhula wa tatu, watu wakaanza kuvuka. Mara ya kwanza nilikuta familia chache chini ya miti. Katikati ya Mei nilikosa pa kukanyaga. Ule mchanga tunaoanikia dagaa ulikuwa umejaa watu, magodoro, mbuzi na masufuria hadi majini.

Mama niliyekuwa nanunua kwake alikuwa amechukua watu kumi na wanne uani. Mmoja wao, mama wa makamo, alikuja na kinu. Kinu cha mti, kizito, kakivusha kwenye mtumbwi na nguo kaziacha. Nikamuuliza mwenyeji wangu atawalisha nini watu wote hawa. Akasema, "Tutakula wote, kikiisha tutalala njaa wote."

Kisha kikaingia kipindupindu. Watu walikuwa wanakunywa maji ya ziwa lile lile, na vyoo hakuna. Walikufa watu wapatao 30. Niliporudi, yule yule mama alikuwa ameziba ua kwa mabua na wageni wako nje. Aliwapelekea uji. Aliuweka chini, akarudi nyuma hatua tatu nne, ndipo wakaja kuuchukua. Vikombe akawaachia wenyewe. Simlaumu, alikuwa na watoto wadogo. Lakini zile hatua za kurudi nyuma zimenikaa.

Ikaletwa Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inabeba watu kama 600 kwa safari. Kagunga hakuna gati, kwa hiyo walipelekwa melini kwa mitumbwi, watoto wakipandishwa juu kwa mkono mmoja. Wakashushwa Kigoma mjini, wakalazwa uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Mjini maneno yakawa ni yale yale: Warundi wametuletea kipindupindu. Na mimi nilisema. Nilisema kijiweni, kwa sauti, wateja wasikie kwamba dagaa wangu hawatoki huko. Walikuwa wanatoka huko huko.

Mwaka uliofuata nikapanda basi kwenda Dar. Njiani, kwenye kizuizi, mkaguzi akasikia lafudhi yangu ya Kiha, inayofanana na Kirundi, akanishusha. Balozi wako wa nyumba kumi nani? Ulisoma shule gani? Babu yako kazikwa wapi? Nikajibu moja moja huku basi zima linanitazama madirishani. Niliporudi kitini, jirani yangu alikuwa amelihamishia begi lake upande wa pili. Nikaikumbuka Kagunga.

Leteni yenu. Uliyoyafanya au uliyofanyiwa wewe mwenyewe, ya kusikia tuyaache.

Mwana wa Shimoni

Umenirudisha Januari 2001, ndugu. Nilikuwa darasa la sita. Polisi walipowapiga watu risasi Zanzibar kwenye maandamano ya tarehe 27, mashua zikaanza kuingia kwetu kutoka Pemba. Sisi kumuona Mpemba akitia nanga Shimoni, pwani ya Kenya, si ajabu, huja dago kila msimu, huvua miezi yao wakenda zao. Baba alikuwa akitia kalafati chombo. Akaitazama ile mashua ya kwanza, akasema, "Hawa hawakuja dago. Hawana nyavu."

Mlikuwa na wanawake, watoto, na mzee mmoja amefungwa kanga begani, damu imekauka imekuwa nyeusi. Kwa jumla waliovuka walizidi 2,000. Barazani kwetu walilala sita. Lugha ni moja, dini ni moja, hata vyakula ni vile vile. Tuliwaita wageni. Neno "mkimbizi" lilikuja baadaye, pamoja na mahema na daftari za kuandikisha.

Siwafichi: baba na Wapemba walikuwa na ugomvi wa siku nyingi wa juya, ule wavu wa kukokota, akisema wanakomba hadi samaki wachanga. Wiki zile hakulitaja juya hata mara moja. Liliporudi mdomoni mwake ndipo nilipojua kwamba wageni wetu wamekuwa wakimbizi.

Ilipotangazwa kuwa watapelekwa kambi ya Dadaab, mbali na bahari, bibi yangu alilia. Alikuwa akiuliza kila mtu, "Mvuvi wampeleka nyika akavue nini?" Baada ya Muafaka wa CCM na CUF, Oktoba mwaka ule, wengine walirudi kwao. Na wale Wapemba waliokaa pwani ya Kenya tangu enzi za mababu, walingoja mpaka 2023 ndipo serikali ikawatambua kuwa raia.

Bi Tamu, Mombasa

Sisi walikuja wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, mwanzo wa vita vya huko, 1991 na 1992. Walishushwa na majahazi. Mtaani watu wakasema Wasomali wamejaa. Mama yangu akenda na sinia la maandazi, akarudi ameduwaa: "Wale wasema Kiswahili, walakini pa *ki* wao hutia *chi*." Ndiyo mara ya kwanza kusikia Chimwini, Kiswahili cha Barawa. Tangu siku hiyo kwetu hawakuitwa Wasomali tena, wakaitwa wale wa Barawa. Nikiwaza sasa huona haya kidogo, kwani Msomali asiyejua neno la Kiswahili naye alikuwa na njaa ile ile.

Mkulima wa Kasulu

Mimi sina hadithi nzuri, mnisamehe. Walioshuka kwenye boti na waliokuja kwa miguu, kwetu kambini Nyarugusu wote walifika kwa basi. Shamba langu la mihogo liko njia ya kuni. Msimu mmoja niling'olewa karibu robo ya shamba. Nilikwenda kulalamika, nikaambiwa nivumilie, ni watu wenye shida. Na mimi ni nani? Kuni tuliyokuwa tunaokota hapa nyuma ya nyumba ikawa safari ya nusu siku, na binti yangu niliacha kumtuma.

Nikawachukia, nasema kweli. Halafu soko la pamoja, pale tulipokuwa tunawauzia ndizi na kununua kwao mafuta na unga wa mgao, likafungwa. Ndizi zikaniozea. Mteja wangu mkubwa alikuwa mama mmoja Mrundi. Aliniletea deni lake kwa kuzunguka porini, shilingi elfu nne, usiku, naye akikamatwa nje ya kambi ni matatizo. Mihogo yangu bado inaniuma. Elfu nne ile nayo naikumbuka.

Mtoto wa Fizi

Mimi ndiye niliyeshuka. Mwaka 1996, vita ilipoanza kwetu Kongo, upande wa Uvira, tulipanda boti usiku karibu na Baraka. Nilikuwa na miaka tisa. Mtu mzima mmoja alikuwa akimziba mtoto wake mdomo kila injini ilipopunguza mlio. Asubuhi tukaona miti ya ng'ambo, wamama wakaanza kuimba chini chini.

Ufukweni tulikuta mzee wa Kiha, kashika nyavu. Nilijua atauliza jina, kabila, mwatoka wapi. Aliuliza, "Mmekula?" Mpaka leo nikisikia neno hilo nasikia sauti yake. Baadaye shuleni na njiani tuliitwa wakimbizi kama tusi, Kiswahili chetu cha "batu" na "bintu" kikachekwa, hayo yalikuwepo. Mtu mmoja huweza kukulisha asubuhi na kukusema jioni.

Nyarugusu nilikaa miaka ishirini, sasa niko Marekani. Wanangu wawili wakubwa walizaliwa kambini. Mimi niliokolewa na ziwa, wao hawajaliona hata siku moja.

Mtazamaji

Poleni. Ila tofautisheni. Hao wenu walikimbia vita. Wa kule Uingereza wengi wanatafuta maisha tu.

Dada wa Kent

Kaka Mtazamaji, niko huku, acha nikujibu kwa upole. Mimi nilijilipua mwaka 1999, yaani niliomba hifadhi kwa maelezo ya uongo. Wabongo wa hapa wanalijua neno hilo. Nilishuka kwa ndege, na viza mkononi, nikasema natoka nchi ambayo sitoki. Hakuna aliyenipiga picha. Wanaokuja kwa boti za mpira walikuwa 299 mwaka 2018 na zaidi ya 45,000 mwaka 2022. Wengi wa miaka hiyo walitoka nchi kama Afghanistan, Iran, Syria na Eritrea, na sehemu kubwa ya madai yao yaliyokaguliwa yalikubaliwa. Langu lilikuwa la uongo, na nikaitwa jirani mwema.

Nafanya kazi nyumba ya wazee, karibu na bahari. Runinga ya chumba cha mapumziko ikionyesha boti, wenzangu hunyamaza nikiingia. Mmoja aliniambia, kwa mapenzi kabisa, "Lakini wewe si kama wale." Nilishukuru. Nilishukuru! Nimelala na shukrani hiyo usiku mwingi.

Agosti 2024, wiki ile walipojaribu kuchoma hoteli yenye waomba hifadhi kule Rotherham, msimamizi alituandikia tusitembee peke yetu. Kumbe barabarani hakuna anayejua nani alishuka kwa ndege. Na wiki hiyo hiyo mzee wa mlango wa pili, Mwingereza, ambaye kijana wake anajitolea kwenye boti za uokoaji na ametukanwa kwa kazi hiyo, alikuwa anakausha soksi za watoto wa zile boti kwenye uzio wake. Nilihesabu jozi kumi na moja. Kinachoniumiza zaidi ni kundi letu la WhatsApp: wanaosambaza video za kuwakejeli wale wa boti ni watu ninaojua walivyojilipua.

Mwana wa Shimoni

Mchuuzi, yule mama wa kinu aliishia wapi?

Mchuuzi wa Kibirizi

Alipanda Liemba, ndugu. Kinu kilikataliwa, mtumbwi ulikuwa umejaa. Akamwachia mwenyeji wangu, akasema atakirudia. Mwaka jana nilipita Kagunga nikakikuta, kipo chini ya mchikichi. Mama anakitwangia kisamvu. Akimaliza anakiosha, anakirudisha pale pale alipokiweka mwenye kinu.