Naanza kununua sarafu za dhahabu za kuweka muda mrefu, nichukue Sovereign, Britannia au Krugerrand?

MamaNaila
Habari zenu wakuu, naomba mwongozo kwa wanaoyajua haya mambo. Nipo Uingereza, kazi za wodini na zamu za usiku, nikishatoa kodi ya nyumba na ya kutuma nyumbani nabakiwa na kama paundi 200 kwa mwezi ambayo sitaki kuigusa miaka 15 hivi, ni ya binti yangu. Nimeamua sarafu za dhahabu na sio vidani maana kidani nikinunua najijua nitakivaa. Sasa nimepekua mtandaoni mpaka nimevurugwa, Britannia wanasema karati 24, Sovereign karati 22, Krugerrand ya Afrika Kusini nayo ni 22 lakini bei inakaribiana kabisa na ya Britannia, mbona 22 iuzwe kama 24?? Alafu kuna zile za toleo maalum, zimeng'arishwa kama kioo, zina boksi la mbao na cheti, moyo umeshaenda huko. Mgeni aanzie wapi?

Mzee_wa_Gramu
Karibu dada. Tuanze na karati maana hapo wengi wanapotea, ni kipimo cha usafi wa dhahabu, 24 ndo tupu. Krugerrand nzima ukiiweka kwenye mizani inasoma gramu 33.93, ila dhahabu tupu iliyomo ni gramu 31.1, yaani aunsi moja kamili, inayobaki ni shaba wameichanganya ili isikwaruzike ovyo, ndo maana unaiona ina wekundu fulani. Britannia ya aunsi moja (kuanzia za 2013, za nyuma yake zilikuwa karati 22) ina gramu hizo hizo 31.1 bila shaba. Kwa hiyo dhahabu unayolipia ni ile ile. Sovereign yenyewe ni ndogo, uzito 7.98, dhahabu tupu 7.32.

Ukitaka kulinganisha usiangalie picha, chukua bei ugawanye kwa gramu za dhahabu tupu. Tufanye gramu moja kwenye soko la dunia ni paundi 100 ili hesabu iwe nyepesi. Dhahabu ya Sovereign hapo ni paundi 732, duka linakuuzia 760. Rudi kesho yake uwauzie wenyewe, tuseme wanakupa asilimia 98 ya dhahabu iliyomo, ni kama 717. Umeshaacha paundi 43 hapo kaunta, na dhahabu lazima ipande karibu asilimia 6 ndo urudi ulipoanzia. Hilo pengo ndo la kuulizia kabla ya kitu chochote, "mnauza bei gani na mnanunua bei gani", duka linalojibu la kwanza tu likazunguka la pili ondoka. Na sarafu ikizidi kuwa ndogo kwa kawaida pengo linazidi kutanuka, vile vya sehemu ya kumi ya aunsi kazi ya kuchapa inakula sehemu kubwa zaidi ya bei.

Za boksi achana nazo kabisa dada yangu. Unauziwa kwa bei ya urembo, siku ya kuuza unapimiwa kwa bei ya dhahabu. Hizo ni za wakusanyaji na wanajua wanachotafuta.

Na kwa vile uko Uingereza kuna la kodi. Sovereign (za 1837 kuja huku) na Britannia ni pesa halali ya nchi hiyo kwa hiyo faida yake haiguswi na kodi ya ongezeko la mtaji. Krugerrand inaguswa, ukiuza faida zako zote za mwaka zikavuka paundi 3,000 wanakudai. VAT hakuna kwa zote tatu.

Deira_Boy
Mi nipo Dubai na sielewi hii kelele ya sarafu, chukua vipande vya gramu 10 au 20 vimefungwa kwenye plastiki na kadi yake yenye namba, huku Deira unavipata kila kona na gharama ya kutengeneza ni ndogo.

Mzee_wa_Gramu
Kwa wewe wa Dubai sawa kabisa mdogo wangu. Yeye yuko Uingereza, kipande sio pesa halali kwa hiyo ule msamaha wa kodi hana. Alafu kipande kikubwa akiwa na shida ya robo tu hawezi kukikata, Sovereign anauza moja nyingine zinabaki.

Bi_Shufaa
Asalam alaykum. MamaNaila mwanangu kama ni Muislamu usisahau zaka. Nisabu ya dhahabu ni gramu 85, ikitimia na ikapitiwa na mwaka wa Kiislamu unatoa asilimia 2.5. Mapambo ya halali ya kuvaa sisi watu wa madhehebu ya Shafi hatuyatolei zaka, ila sarafu umeweka akiba, hiyo inatolewa, wala asikudanganye mtu. Kwa hesabu ya huyo mzee wa gramu Sovereign 11 hazijafika, 12 zimefika. Hapo nahesabu dhahabu peke yake, una pesa benki pia ziingize, kamuulize shekhe. Na ununue mkono kwa mkono, hapa Muscat masheikh wanalikazania sana hilo, sio unalipa leo dhahabu utapewa mwezi ujao.
La pili, usiitie kitanzi ukaivaa shingoni. Bibi yangu alikuwa na kidani cha pauni hizo hizo, nzuri kweli, sonara alizichomelea pete juu, siku ya kuuza zikahesabiwa chakavu.

Mkorofi_254
Nitaharibu sherehe kidogo. Dhahabu haizai, haina gawio, haina riba, inakaa tu. Aliyenunua Januari 1980 kwenye kilele cha dola 850 kwa aunsi aliona ikishuka mpaka mia mbili hamsini na kitu mwaka 1999, na bei yake ya kununulia aliiona tena Januari 2008, miaka 28, na hapo hujatoa mfumuko wa bei. Watu wanaona imevuka dola 4,000 Oktoba 2025 wanadhani ni lifti ya kupanda tu. Mi ningeweka robo ya hiyo 200 kwenye dhahabu, nyingine mfuko wa hisa ndani ya akaunti ya ISA ambayo nayo haina kodi.
Btw kuna jamaa ananiuzia ile ya dhahabu ya Kenya ya 1966 yenye Mzee Kenyatta, vipi?

Mzee_wa_Gramu
Robo naona ndogo kidogo ila hoja yako ya 1980 ni ya kweli, nami simshauri mtu aweke zote. Hiyo ya Kenyatta ni ya mkusanyaji, ukiipata kwa bei ya dhahabu yake chukua, akianza habari za "adimu sana" mwache nayo.

MamaNaila
Asanteni sana jamani, Bi Shufaa shikamoo na nimekuelewa mama. Basi nimefanya hivi, 100 ya dhahabu 100 ya ISA. Ile ya dhahabu nairundika mpaka itoshe Sovereign moja ndo naenda, mwaka wowote ule wa bei rahisi, sina haja na mfalme gani yupo juu. Mbili za mwisho, feki nitazijuaje na je nikija likizo Tanga nije nazo?

Mzee_wa_Gramu
Kwa kuanza nunua duka kubwa lenye jina au Royal Mint wenyewe, wachapaji wa sarafu za Uingereza, usinunue kwa mtu wa Facebook. Ila tafuta mizani inayosoma 0.01 na kipimo cha milimita, Sovereign ni 7.98 na upana 22.05. Vyuma vingi vya bei rahisi ni vyepesi kuliko dhahabu, kwa hiyo feki yake ikifikia uzito lazima inenepe, na ikiwa saizi sawa inakuwa nyepesi. Mtu anachezea kimoja, uzito, upana na unene kwa pamoja vinawashinda wengi.

Kuja nazo Tanga hapana. Forodhani utaanza maelezo, na sonara wengi nyumbani watakupimia kama chakavu. Ziache hukohuko zinakojulikana.

Deira_Boy
Na soma bima yako ya nyumba dada, nyingi zina kikomo cha vitu vya thamani na ukizidisha bila kuwaambia hawalipi. Status ya WhatsApp ndo usithubutu 😂